Sakafu ya Pande Tano

Mwanangu Riziki,

Sasa hivi tu umepiga magoti uani na gauni lako jipya la safari, nikakupigia kelele utalichafua, wewe hata hukunisikia. Umetoa kipimapembe kwenye mkebe wako wa hisabati, ukakiingiza kwenye pengo la sakafu lile la karibu na bomba, ukafumba jicho moja kama fundi. Ukahamia pengo la pili. Ukahamia la tatu.

"Thelathini na sita, Mama. Na hili thelathini na sita. Yote ndugu moja."

Halafu ukacheka. Ukasema, "Baba naye! Sakafu hii isingekaa hata angeletewa malaika wa kumsaidia. Hivi hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua, akamwambia?"

Hukungoja jibu. Umejitupia mtandio ukatoka kwenda kuaga majirani, na ulipofika mlango wa uani ukageuka, ukaniambia na lile neno la pili ambalo nitalifikia. Mimi nikabaki nimeshika sufuria iliyokwisha kuoshwa, naiosha tena.

Basi nimeingia chumbani nikachana karatasi katikati ya daftari lako la zamani. Bibi yako amekwisha kukuusia habari ya chandarua, ya sabuni, ya kutokula kwa watu, ya kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jibu la swali lako. Umeuliza kama hakukuwa na aliyejua. Alikuwapo. Ni mimi.

Sikuweza kukuambia usoni. Nilitaka usome ukiwa mbali, upate siku mbili tatu za kunikasirikia bila ya kunipikia chai asubuhi.

Nianze na baba yako, Hemedi. Wewe unamjua yule wa kwenye picha, amesimama kama mtu aliyemeza mti. Hakuwa vile. Baba yako alikuwa mtu wa maneno na vicheko, mikono imepauka saruji hata siku ya Idi. Alikuwa akifyatua zile tofali za kutandika nje, pale kwenye kiwanda kidogo cha njia ya Raskazone. Wenye majumba makubwa ya zamani kule walikuwa wanazitaka kwa ajili ya kuegesha magari, na walizozitaka ni za pande sita. Kutwa nzima anamimina kokoto na saruji kwenye kalibu, anatikisa, anangoja, anabandua. Jioni anarudi anaumwa mgongo na kichwani ana jambo.

"Mke wangu, tazama. Za pande tatu zinakaa. Za pande nne zinakaa. Za sita zinakaa mpaka raha. Sasa tano ina kosa gani?"

Namwambia, "Sijui. Iulize yenyewe."

"Sala tano, nguzo tano, vidole vitano. Mungu aipende tano kiasi hicho, halafu ikatae kulala chini?"

Basi akaazimia kwamba uani kwetu tutakuwa na sakafu ya pande tano, pande zote sawa, ambayo hakuna mtu Tanga nzima anayo. Wewe ulikuwa tumboni. Akasema siku ya arobaini yako, utakapotolewa nje, utatolewa juu ya sakafu hiyo. Mimi wakati ule nilikuwa nimekupita mwaka mmoja tu kwa umri ulio nao sasa. Nilikuwa nikimtazama akiongea, najiona nimeolewa na mfalme.

Kabla ya kutengeneza kalibu ya mbao, alitengeneza kijikalibu kidogo cha bati, akakikata kwenye kopo la maziwa, kiasi cha kiganja, apate kuliona umbo. Akakiacha jikoni. Asubuhi yake nilikuwa nakata maandazi, nikaona nimfurahishe. Nikasukuma unga, nikachukua kile kibati, nikaanza kukatia.

Riziki, mtu aliyekata maandazi anajua. Ukikata ya pembe tatu au ya mraba, kisu kinapita na unga wote unakwisha, hakibaki kitu. Kile kibati nilikipiga hapa, nikakipiga ubavuni, nikakipiga na cha tatu, vikakutana vitatu, na katikati ikabaki kabari ya unga, nyembamba, haitoshi kuwa andazi. Nikageuza. Nikaanzia upande mwingine. Kabari ikarudi. Nikajaribu kubana cha nne, kikapanda juu ya mwenzake. Sikuwa na kipimapembe, na shule niliiachia kidato cha pili, lakini vidole vyangu vilielewa palepale. Nilisimama na ule unga, nikahisi baridi miguuni, na jua lilikuwa limeshapanda.

Akaingia. Akaona maandazi ya pande tano yanaelea kwenye mafuta. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Subhanallah! Yamekaa!"

Alikuwa anaona maandazi. Hakuona mabaki ya unga, nilikuwa nimekwisha kuyafinyanga nikayafunika na bakuli. Alikula matatu moto moto, ulimi unaungua, anacheka. Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu jikoni, na wewe. Ningesema, "Mume wangu, hebu ngoja nikuonyeshe kitu." Yeye angenuna mpaka alasiri, kisha angecheka.

Sikusema. Unajua kwa nini? Siku ya harusi, somo yangu, yule mama aliyenifunda, aliniambia: mume ni nguo yako na wewe ni nguo yake, na kazi ya nguo ni sitara. Neno lile ni zuri mpaka leo. Lakini mimi nililishika kwa mkono wa kitoto. Nilidhani kumsitiri mtu ni kumwachia alivyo. Kumbe ile siku jikoni hakuna aliyekuwa anatutazama, sitara ilikuwa ni kumwambia palepale, ili asije akavuliwa mbele za watu. Mimi nikafunika bakuli.

Mwanangu, ukiona kitu hakikai, kiseme kikiwa bado ni unga. Kikishakuwa saruji, kazi yake ni nyundo tu.

Alizifyatua jioni kwa jioni, akizikausha pembeni mwa ukuta, amezifunika na magunia, hataki mtu azione. Wiki ya arobaini yako akaanza kuzilaza. Mimi nilikuwa ndani na wewe, nasikia nyundo yake ya mpira, tok, tok, tok. Inapiga, inanyamaza. Inapiga, inanyamaza muda mrefu zaidi. Kule kunyamaza ndiko nilikokuwa nakuogopa, maana nilijua amefika kwenye kabari. Nikawa nakunyonyesha, nahesabu pumzi zako, nasema moyoni, Ee Mola, zikae. Mtu mzima naomba dua ya kubadilisha unga.

Siku ya arobaini watu wakajaa. Alikuwa amemaliza usiku, mapengo ameyatia mchanga ili yasionekane, lakini wanawake walikuja na viatu vyao, wapishi na masufuria, mchanga ukatoka. Wa kwanza kuanguka ni mpishi wa pilau. Hakuumia. Watu wakainama kutazama, na ndugu yake Hemedi, baba yako mdogo Sefu, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa nyumba hii, akapiga kofi akasema, "Lo! Kaka, hii ni sakafu au ni bao? Nileteeni kete nicheze!" Mwingine akadakia, "Panda mahindi humo, mvua zikianza mnavuna." Ua mzima ukacheka. Bibi yako alicheka. Hemedi mwenyewe alicheka, lakini mimi nilimwona sikio lake limekuwa jekundu, alikuwa mweupe kidogo kama wewe.

Watu walipopungua akanifuata mlangoni. Akakushika kidole. Akasema, "Nimeipata dawa yake. Nitamwendea seremala kule Muheza anikatie kalibu ndogo, ya kujazia mapengo. Mtu hataona kitu." Akaazima pikipiki. "Kabla ya maghrib niko hapa. Usile peke yako."

Niliweza kusema hata pale. Ningesema, acha, kesho, mimi nilijua tangu siku ya maandazi, ugomvi uwe wetu wawili humu ndani. Nikamwambia, "Nenda salama."

Unajua lililobaki. Lori bovu limeachwa barabarani kwenye kona, halina taa wala jani la kuonya, akaligonga. Hayo nimekwisha kukuambia tangu mdogo. Ambalo sikukuambia ni alikuwa anafuata nini.

Na sasa la Sefu. Umeniuliza mara ngapi kwa nini baba mdogo anatoka Moa na samaki wake wakavu, anafika mpaka hapa nje, anasimama barabarani na kukabidhi kapu kama mtu asiye na kwao? Mimi nikawa nasema ana haraka ya gari. Siku ya hitma ya baba yako, watu wote wapo, Bibi yako alisimama mlangoni akamwambia mtoto wake wa pili, "Ulimi wako umenilia mwanangu. Umemcheka mbele za watu, akaenda kutafuta kifo. Mguu wako usikanyage sakafu yake." Sefu alikuwa na miaka ishirini na kitu, hajaoa, alikuwa analia kama mtoto aliyenyang'anywa. Akavaa viatu vyake akaondoka. Na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimo edani, nasikia kila neno, wewe umelala mapajani kwangu. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa litoke nyuma ya lile pazia.

Niliogopa. Nyumba ni ya Bibi yako. Nilijiona nimefukuzwa na mtoto mchanga, napanda gari la Amani kurudi kwa wazazi wangu milimani na aibu mgongoni. Mwezi ukapita, nikasema eda ikiisha. Eda ikaisha, nikasema Bibi yako akipoa. Akawa mzuri kwangu, Riziki, hilo ndilo lililonifunga kabisa. Alinifanya mwanawe. Aliyempoteza kwa gari na aliyemfukuza kwa maneno, mapenzi yao yote akanimiminia mimi, nami nikayapokea.

Utaniuliza nimeishije. Nimeishi hivi: nimeogopa bamia. Unacheka, lakini hujawahi kuniona nikipika bamia, na kila unapotaka kula unakwenda kula kwa jirani. Bamia ukiikata kwa upana, tazama kipande chake. Pande tano. Kile kibati nilikitupa chooni wiki ileile, nikadhani nimemaliza, siku ya kwanza nimerudi jikoni nikakata bamia na kisu kikaniletea vibati kumi juu ya ubao. Nilikaa chini.

Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia mtu. Bibi yako anaamini wafu wanarudi makwao usiku wa kuamkia Ijumaa kutazama kama wanakumbukwa, ndiyo maana kila Alhamisi baada ya maghrib anatia ubani kwenye chetezo na kukiweka kwenye pengo lile la karibu na bomba. Mimi humwachia ua. Nakaa chumbani hapa nilipo. Nasikia nyundo. Ndogo, ya mpira. Tok, tok, kisha kimya, kisha tok. Nimejiambia ni tofali, zimelegea, joto la mchana likiondoka zinajikunja. Nimejiambia ni tone la bomba. Nikafunga bomba kwa mpira wa baiskeli. Bado. Wala hainitishi kama unavyodhani. Inanihuzunisha kwa kuwa ni kama ya mtu anayejaribu tena, na tena, na hakuna anayetoka kumwambia.

Halafu wewe ukaanza kusoma. Unakumbuka ulipokuwa unanifundisha pale mezani? Ulichora pembe tatu kwenye karatasi, ukazichana zile kona zake, ukazipanga, zikalala zimenyooka kama ukingo wa meza. Ukasema, "Umeona? Kila pembe tatu ya dunia hii, kubwa au ndogo, mia na themanini." Nikafurahi kama mtu aliyeonyeshwa mwezi. Ukaendelea siku nyingine: ya pande nne ina pembe tatu mbili ndani yake, ya pande tano ina tatu, zijumlishe, zigawe kwa tano, kila kona mia na nane. Mimi nikakuuliza, nimejifanya ninamenya vitunguu, "Na zikikutana tatu?" Ukapiga hesabu hewani. "Mia tatu na ishirini na nne. Duara ni mia tatu na sitini." Nikakuomba uishie hapo, nikasema vitunguu vinaniuma.

Na umenifundisha na ya pande nane, ile niliyoipenda. Haikai peke yake, ulisema, lakini mbili zikikutana zinaacha nafasi ya mraba sawasawa, na ukiwapa mraba wao wanatulia wote. Huko bwenini utakuta wasichana wa kila namna, wengine hutafanana nao hata kidogo. Usijichonge kona zako ili ufanane nao. Ngoja, mraba upo.

Sasa lile neno lako la mlangoni. Umegeuka ukasema, kirahisi kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Lakini Mama, Baba hakuwa na haja ya kuiacha tano. Zile za pande sawa ndizo zinazokataa. Angezifanya kama nyumba, mraba na paa lake juu, hiyo pia ni pande tano, na ingekaa uani kote bila pengo." Ukaenda zako.

Nimekata karatasi, Riziki. Nimekata vijumba, mraba na paa, mraba na paa, nimevipanga hapa kitandani. Mstari mmoja umesimama, wa pili nimeupindua, paa limeingia kati ya mapaa. Vimekaa. Havikuacha hata nafasi ya kupitisha sindano. Nimeviangalia mpaka macho yakaona maji.

Miaka yote hii nilikuwa nikijifariji kwa jambo moja, kwamba hata ningesema ningemvunja tu moyo, ningeua ndoto yake bure. Na wewe umelichukua hata hilo, bila kujua. Ningesema, angenuna mpaka alasiri, kisha angekaa chini na penseli nyuma ya sikio akaipindua pindua tano yake mpaka ikawa nyumba. Namjua. Angeipata. Ungekulia juu yake.

Sikuandikii ili unihurumie. Nimekuandikia kwa sababu umefanana naye kwa kichwa na umefanana na mimi kwa mdomo. Nimekuona muhula uliopita, mwalimu wako amekosea swali ubaoni, ukarudi nyumbani na jibu sahihi limefichwa kwenye daftari, ukaniambia, "Ningemwaibisha." Nilikusifu kwa adabu, usiku sikulala. Usikae na bakuli umefunika kitu, mwanangu. Mfuate mtu pembeni, mshike mkono, mwambie.

Kesho Sefu anakuja. Yeye ndiye atakayekupeleka mpaka shuleni, na mchana wa leo ulimwomba Bibi yako jambo ambalo sikutarajia: ulitaka akupitishe chini ya msahafu yeye upande huu, na baba mdogo upande ule, kama watoto wenye baba wanavyoagwa. Bibi yako akasema, "Huyo hatakanyaga hapa nikiwa hai." Ukanyamaza. Nikaona umenyamaza kwa namna yangu.

Basi nitasema leo. Ukisoma barua hii utakuwa umeshajua kama Sefu aliingia au alisimama barabarani, maana utakuwa umepita mlangoni wewe mwenyewe. Akisimama barabarani, ujue mama yako alishindwa tena, na uje unione ukiwa na kila haki ya hasira. Lakini nina matumaini. Sijui yanatoka wapi. Labda ni hivi vijumba vya karatasi. Akinifukuza, nitakwenda Amani, kuna chai ya kuchuma na wazazi wangu bado wako hai. Asiponifukuza, nina saruji nusu mfuko, na nikitoka kukusindikiza nitaanza kuzibandua hizi tofali moja moja, nizitengenezee kalibu ya nyumba

Bibi yako ameniita. Yuko uani, ameshatia ubani, naunusa mpaka hapa. Sauti yake si ile ya kila siku.

"Mama Riziki! Hebu njoo huku. Njoo bila taa."

"Naja, Mama."

"Njoo usikilize. Hiki kinyundo, nawe wakisikia, au ni mimi peke yangu miaka yote hii?"

Na yeye, Riziki! Kumbe na yeye, kila Alhamisi, nje ya ukuta huu huu, ametega sikio na hakumwambia mtu. Nakwenda. Nitakaa naye chini pale penye pengo, nimshike mkono, nimwambie mwanao Sefu hana kosa, Mama, aliyejua tangu kwenye unga ni